Sebule ya Vifaranga

Mwenye nyumba alijua saa ya kumwonyesha mtu nyumba. Alimwita mwandishi wa makala haya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kimana ikiwa bado na baridi ya kuvalia sweta, akamwingiza sebuleni gizani kama mtu anayepelekwa kumwona bibi harusi, kisha akalivuta kando gunia lililokuwa limetundikwa dirishani. Kilimanjaro nzima ikaingia ndani. Mita 5,895 za mlima, theluji kichwani, ukungu kiunoni, na mbele yake jogoo wa jirani akiwika juu ya tangi la maji.

"Hii ndiyo nyumba yenye dirisha la mlima," mwenye nyumba akasema, kwa sauti ya chini, kama vile mlima ungeamka.

Nyumba nyingine mbili za ploti ile zilitazama upande wa pili, ambako kulikuwa na choo cha jirani na mnazi uliokata tamaa. Tofauti ya kodi ilikuwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Mwandishi alizilipa bila kuuliza swali lolote, ingawa swali lilikuwa limening'inia mbele ya macho yake: ni mpangaji gani mwenye akili timamu aliyeufunika mlima ule kwa gunia?

(Ataitwa "mwandishi" hadi mwisho, kwa kuwa yanayofuata si mambo ambayo mtu huyasimulia kwa jina lake.)

Ilikuwa Desemba, na mwandishi alikuwa anahama kutoka Kitengela. Hilo ni jambo la kuzingatia, kwa sababu mtu aliyelelewa na Kitengela ana mawazo yake kuhusu mapazia. Kitengela ni mji wa upepo. Unatoka kwenye tambarare za Athi-Kapiti bila kizuizi, unaokota vumbi la kila barabara ambayo haijawekwa lami, na kulikabidhi mezani kwako kabla chai haijapoa. Tena ni mji wa ghorofa zinazotazamana karibu kiasi kwamba jirani anaweza kukukumbusha kuwa ugali unaungua. Huko pazia lina kazi mbili: kumeza vumbi na kumzuia jirani. Jua halimo kwenye orodha. Ndiyo maana sebule nyingi za Kitengela huvaa kahawia, zambarau iliyokolea na rangi ya damu ya mzee, rangi ambazo zinaweza kukaa mwaka mzima bila kufuliwa na zisimwaibishe mtu.

Mwandishi, basi, akaenda sokoni Kitengela kununua mapazia ya Kimana kwa akili ya Kitengela.

Hapo dukani kulitokea tatizo la vipimo. Mwandishi alikuwa amelipima dirisha kwa mkanda wa suruali, kwa sababu siku ile mkanda ndicho kitu pekee kirefu alichokuwa nacho. Dirisha lilikuwa mikanda mitatu na vitundu vinne.

"Mzee wangu," muuza mapazia akamwuliza kwa upole, "na mkanda wenyewe una urefu gani?"

Ikabidi auvue. Akasimama katikati ya duka, mkono mmoja ukishika suruali kiunoni, huku mama yule akiunyoosha mkanda juu ya meza na kuupima kwa futi kamba yake, na wateja wengine wakijifanya wanachagua pete za mapazia. Hesabu ikaja mita 3 na kidogo.

"Basi kitambaa ni mita sita," mama akasema.

Wanaume wengi huingia mtegoni hapa. Fundi yeyote wa mapazia atakwambia kuwa upana wa kitambaa huwa karibu mara mbili ya upana wa dirisha, kwa ajili ya mikunjo. Mwandishi hakuwa amewahi kuambiwa na fundi yeyote. Alichosikia ni mtu anayemwuzia dirisha moja mara mbili. Akakataa kata kata, akataka mita 3 na nusu, za kahawia, nzito, zile zinazofanana na manyoya ya nyati. Mama akamwonya kwamba pazia lisilo na mikunjo ni shuka la hospitali. Hakusikia. Mama akajaribu tena: je, hataki bitana, kitambaa cheupe cha kushonea kwa nyuma, upande wa kioo?

"Ya nini?" mwandishi akacheka. "Nani ataiona?"

"Jua litaiona."

Alilichukulia jibu hilo kuwa maneno ya biashara. Akafunga mkanda wake, akalipa, akaondoka.

Safari ya kutoka Kitengela hadi Kimana humzungusha mtu: Athi River, barabara ya Mombasa mpaka Emali, halafu kusini kwa barabara ya Loitokitok, joto likiongezeka kila matatu inaposhusha abiria. Pazia lilisafiri magotini pa mwandishi. Walipofika Emali suruali ilikuwa imelowa jasho kama mtu aliyevuka mto, na bado hakupata funzo lolote.

Fundi wa kutundika alikuwa kijana mchangamfu mwenye imani kubwa na misumari. Akapigilia bomba la pazia kwenye plasta, akakusanya pesa yake, akaondoka akipiga mluzi. Bomba lilikaa siku nne. Siku ya tano wageni wa maombi walikuja kuibariki nyumba, wakafumba macho, na wakati kiongozi wao anaomba kishuke kitu kutoka juu, kikashuka. Hakuna aliyeumia. Mzee mmoja alibaki chini ya kitambaa kwa muda, akiendelea kuomba kwa sauti iliyofifia, kwa kuwa hakutaka kumkatiza Mungu kwa jambo dogo. Mara ya pili bomba lilifungwa kwa skrubu zilizofika kwenye jiwe.

Halafu Januari ikafika.

Hapa chini ya Kilimanjaro, Januari na Februari ni miezi ya kiangazi kikali. Mvua za vuli zimepita, za masika bado. Kimana iko upande wa mlima ambao mawingu hufika yakiwa yamekwisha kumwaga maji yao upande wa pili, Tanzania. Kinachotufikia ni chemchemi zinazopita chini ya ardhi na kuibuka kwenye kinamasi, ndizo zinazonywesha nyanya na vitunguu vya huku. Hewa yenyewe ni kavu. Nyumba ilikuwa ya mabati bila dari. Saa kumi alasiri mwandishi alikaa sebuleni, pazia limefungwa kabisa, akiwa amevua kila kitu ambacho heshima inaruhusu kuvuliwa, na akaona jambo la ajabu: nje kulikuwa na nafuu kuliko ndani.

Akatafuta ushahidi. Kwanza alitundika ukutani kipimajoto cha homa, kile cha kioo, ambacho huanzia nyuzi 35. Zebaki haikupanda. Kwa mujibu wa kipimo hicho nyumba haikuwa na homa. Siku iliyofuata akaenda agroveti na kununua kipimajoto cha vifaranga, cha shilingi chache, chenye karatasi ya maelekezo: wiki ya kwanza baada ya kuanguliwa, kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kila wiki inayofuata unapunguza kama nyuzi tatu hivi.

Sebule ilisoma 34. Mwandishi angekuwa kifaranga, mambo yangekuwa mazuri sana.

Kosa la kwanza lilikuwa la mbingu, na lilikuwepo kabla pazia halijanunuliwa. Kimana iko karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita utosini. Juni huwa limeelekea kaskazini. Desemba na Januari limeelekea kusini, na jioni hutua kusini kidogo ya magharibi. Mlima nao uko wapi ukiwa Kimana? Kusini, umeegemea magharibi. Kwa hiyo dirisha linaloutazama mlima ndilo hilo hilo linalotazamana na jua la alasiri katika miezi ile ile ya joto. Zile shilingi 3,000 zilikuwa zinanunua vitu viwili, na mwenye nyumba alikuwa amekitaja kimoja. Wapangaji wa dirisha la choo, katika Januari ile, jioni walionekana wamejifunika leso mabegani.

Kosa la pili ni la kioo, na hili ndilo muuza mapazia alilokuwa akilieleza kwa maneno mawili. Kioo ni bawabu mwenye ubaguzi. Mwanga wa jua anaufungulia mlango bila kuuliza unakwenda kwa nani. Lakini mwanga huo ukishagonga kitu cha rangi iliyokolea ndani na kugeuka joto, bawabu huyo huyo anasimama mlangoni na kusema hakuna kutoka. Kitambaa cheupe kwa nyuma kinaurudisha mwanga ukiwa bado mwanga, nao unapita kioo kama ulivyokuja. Kitambaa cha kahawia kinaula. Pazia la mwandishi lilikula jua kuanzia saa nane mchana, likashiba, na kutwa nzima iliyobaki likawa linacheua sebuleni. Ukiligusa saa kumi na moja lilikuwa na joto la shati lililotoka kupigwa pasi. Na kwa kuwa lilikuwa limewambwa kama ngozi ya ng'ombe, halikufika vizuri kwenye kingo, hewa ya chini iliingia nyuma yake, ikachemka kati ya kitambaa na kioo, ikatokea juu. Mwandishi alikuwa amejenga bomba la moshi na kulinyonga kwa pete za dhahabu.

Mabati nayo yalikuwa yakifanya kazi yake huko juu, kazi ambayo hakuna pazia duniani linaloweza kuizuia. Mwandishi alimpigia mwenye nyumba simu kuomba dari. "Na mlima je," akajibiwa, "haukupozi?"

Aliyelitazama jambo hili kwa utulivu zaidi alikuwa jirani wa nyuma ya ua, bibi wa Kimaasai ambaye mtaa mzima humwita Kokoo. Alikuja kuliona pazia kwa kuwa alisikia limemwangukia mzee kwenye maombi. Alilishika, akalinusa, akalizunguka. Yeye mwenyewe alikuwa amejenga nyumba yake kwa mikono yake, kama wanawake wa Kimaasai walivyojenga tangu hapo: fito, udongo na samadi ya ng'ombe, paa la chini, mlango wenye kona ili mwanga usiingie moja kwa moja. Madirisha yake yanatosha kiganja. Mchana ukiingia humo unapapasa kama kipofu, lakini ngozi inapumua.

"Mwanangu," Kokoo akauliza, akilipima dirisha la mlima kwa macho, "mlipotoboa ukuta kiasi hiki mlitarajia nini kiingie?"

Swali hilo lingeulizwa Lamu pia. Katika mji wa kale wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyumba za mawe ya matumbawe zina kuta nene na zinajitazama zenyewe: madirisha ya barabarani ni machache, mwanga unashuka kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba jua hukuta kivuli kimewahi. Mombasa, Mji wa Kale, madirisha yana milango ya mbao yenye vipao vilivyolazwa, ambavyo hukinga jua likiwa bado nje na kuruhusu upepo kupita. Pazia la Kiswahili kwa kweli lilikuwa mlangoni, kwa ajili ya stara, likipepea. Kulipa cheo cha kupambana na jua nyuma ya kioo kikubwa ni mambo ya juzi, tulipoanza kujenga kwa picha za magazeti ya nchi ambazo jua ni mgeni wa heshima.

Mwandishi alipoona amezidiwa na hekima za karibu, akageukia za mbali. Wizara ya Nishati ya Marekani, kama alivyosoma kwenye simu iliyopata joto hadi ikamwomba apumzike, inasema pazia la rangi ya wastani lenye mgongo mweupe wa plastiki linaweza kupunguza joto linaloingia dirishani kwa asilimia 33. Kumbe bitana. Halafu mstari mwingine ukamkata maini: kivuli kinachotundikwa nje ya dirisha kinaweza kupunguza hadi asilimia 65 kwa dirisha la kusini, na 77 kwa la magharibi. Tofauti ni rahisi kuielewa ukiwa na jasho. Anayemzuia mwizi getini hapigani naye chumbani.

Inafaa kukumbuka kwamba Wamarekani hawa si wageni katika habari za vitambaa vyetu. Mwaka 1833 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, alitiliana nao mkataba wa biashara, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha Unguja pamba isiyotiwa rangi, ile ambayo hadi leo fundi cherehani huiita merikani. Kwa hiyo walituuzia kitambaa kwanza, maelekezo ya kukitundika yakafuata baada ya miaka mia moja na ushei.

Aliyeokoa jahazi ni mama watoto, aliyefika na watoto mwishoni mwa Januari shule zikiwa zimetulia. Aliingia sebuleni, akasimama, akatoka nje tena kuhakikisha hakukosea akaingia jikoni. Hakusema neno kuhusu rangi. Kesho yake alikuwa na yadi kadhaa za merikani, sindano na uso usiotaka maswali, akalitia pazia bitana kwa mkono, akiongeza upana pembeni mahali mita 3 na nusu zilipoishia. Kipimajoto cha vifaranga kikashuka hadi 32. Ilikuwa bado wiki ya kwanza, lakini vifaranga walikuwa wameanza kukua.

Lile wazo kubwa alilitoa barabarani. Alikuwa ametembea hadi mashamba ya kando ya mto, kununua vitunguu, akaona vitalu vya miche ya nyanya vimefunikwa neti nyeusi za kivuli juu ya vigingi. Akasimama pale muda mrefu.

"Baba Watoto," alisema aliporudi, "watu wa hapa wanaiwekea nyanya kivuli. Sisi tunaoka watoto."

Neti ilipatikana agroveti ile ile, inauzwa kwa mita, bei ambayo mwandishi hawezi kuitaja bila kukumbuka pesa alizoacha Kitengela. Mama watoto alisimamisha vigingi viwili hatua moja kutoka ukutani, akaifunga neti kutoka chini ya mabati hadi kwenye vigingi, ikateremka mbele ya dirisha. Upepo wa alasiri ulipokuja uliipepea kidogo ukapita. Sasa pazia liliweza kufunguliwa. Mlima ulionekana, ukiwa na vidoa vidogo vidogo, kama mtu aliyewahi kuugua tetekuwanga. Usiku, hewa ilipopoa, madirisha yalifunguliwa nyuma ya wavu wa mbu, na saa mbili asubuhi yakafungwa tena kabla joto halijabisha hodi. Ratiba hii watoto waliielewa siku ya kwanza. Mwandishi alihitaji wiki.

Saa kumi alasiri kipimajoto kilisoma 29. Wiki ya tatu ya vifaranga! Mwandishi akavaa shati.

Mambo yangeishia hapo, kama Jumanne isingekuwa siku ya soko Kimana. Watu hushuka kutoka kila upande, na mbuzi wao, na ng'ombe wao, na wakulima wanaotafuta mbegu na miche. Jumanne ya kwanza baada ya neti, saa tatu asubuhi, bodaboda ilisimama nje ya ua. Mwanamume mmoja akashuka, akaitazama neti, akaitazama nyumba.

"Mama, miche ya nyanya bei gani?"

Mama watoto alimweleza kwamba hakuna miche, ni sebule. Yule bwana aliitikia kwa adabu, kwa uso wa mtu anayejua kuwa miche ipo ila ameuziwa mwingine. Wa pili alikuja na mkewe, wakachungulia kabisa chini ya neti, wakamkuta mwandishi nyuma ya kioo akila mayai. Wakasalimiana.

Wa tatu alipokuja mwandishi alikuwa amejificha nyuma ya pazia la kahawia, ambalo kwa kazi hiyo halina mpinzani. Alisubiri kusikia mkewe akirudia maelezo ya sebule. Hakuyasikia.

"Unataka Cal J au Rio Grande?" mama watoto alikuwa akiuliza.

"Cal J, mama. Kama mia tano hivi."

"Rudi baada ya mwezi."

Mwandishi akachungulia. Mkewe alikuwa ameinama chini ya neti, kwenye ule upana wa hatua moja kati ya vigingi na ukuta, na pembeni yake lilikuwapo gunia la mpangaji wa kwanza, lile lililoufunika mlima, limejazwa udongo mpaka mdomoni.